Kofia ya Lukumani

Kila siku akitoka shule, Najiat alivua sare, akala alichowekewa, kisha akaketi mkekani kumtungia Bibi Tatu uzi kwenye sindano. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza kuchoka, lakini mikono yake, mashallah, ilikuwa bado ya msichana. Alishona kofia za mkono, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, na Idi ikikaribia wanaume wa Ng'ambo na mitaa mingine ya Tabora walimfuata pale pale uani. Kofia moja ilimchukua miezi mitatu. Mimi ningeshindwa kwenye kitundu cha kumi.

Mwaka huo Najiat alikuwa darasa la sita. Kikundi cha ngoma cha shule yao kilialikwa kwenye tamasha la utamaduni la mkoa, na Mwalimu Asnath, aliyefundisha sanaa, akatangaza shindano la kubuni nakshi ya kitambaa. Watoto arobaini wangekivaa. Masharti yalibandikwa ubaoni: nakshi itokane na utamaduni wa watu wa hapa, aliyetumia akili mnemba aseme, aliyechukua kazi ya mtu aombe ruhusa yake na kuandika jina lake. Najiat aliyasoma yote, tena mara mbili. Msije mkasema hakuyaona.

Kwanza alijaribu mwenyewe. Alichora wapagazi wa zamani kwenye njia ya misafara iliyokuwa ikipita Kwihara kwenda Ujiji, lakini walitoka kama magunia yenye miguu. Alifuta hadi karatasi ikatoboka.

Jumamosi moja Bibi alimtuma uzi ndani ya sanduku lake. Chini kabisa, chini ya kanga zilizokunjwa, Najiat alikuta kofia ndogo ya mtoto. Alikuwa hajapata kuona kofia nzuri vile. Vitundu vilipangika kama vimehesabiwa, vikazunguka, vikazunguka, halafu vikakoma. Upande mmoja palikuwa na nafasi tupu, pana kama vidole viwili, yenye alama za penseli tu. Sindano ilikuwa bado imechomekwa pale, imeshika kutu.

Bibi alikuwa uani, hatua kumi tu kutoka pale. Najiat angeweza kuuliza. Hakuuliza, kwa sababu moyoni alijua kuwa anaweza kukataliwa. Alichukua simu ya mama yake, akaipiga kofia picha, akairudisha kama ilivyokuwa. Kisha akaipa akili mnemba ile picha na kuandika: "Nitengenezee nakshi ya kitambaa kutokana na kofia hii."

Haikuchukua hata dakika. Mashine haikujua kwamba kofia haijaisha. Ile nafasi tupu iliiona kuwa pambo, ikairudia safu kwa safu, mamia kwa mamia, kitambaa kizima. Kwenye fomu ya shindano Najiat aliandika, "Nimebuni mwenyewe."

Akashinda. Mwalimu Asnath alisema kilichowavutia waamuzi ni ile nafasi iliyoachwa wazi katikati ya vitundu, wakashangaa mtoto ameitoa wapi akili hiyo. Najiat alitazama viatu vyake. Kikachapwa kipande kimoja cha kujaribia, kikashonwa gauni la rafiki yake Kabula, na vingine vikasubiri kuchapwa Jumatatu.

Alhamisi baada ya alasiri, Kabula alikuja mbio kulionyesha gauni lake, akazunguka uani likapepea. Bibi Tatu aliinua kichwa kumtazama. Kofia aliyokuwa akishona ikamdondoka. Akasimama, akashika ukuta, akamsogelea yule mtoto polepole na kugusa bega lake kwa kidole, pale penye nafasi tupu. Halafu akagusa nyingine, na nyingine.

"Nani amekuvalisha kofia ya Lukumani?" aliuliza.

Kabula aliogopa, akaaga na kuondoka. Bibi aliingia chumbani mwake, akafunga mlango. Hakutoka kula.

Ni mama yake Najiat aliyemweleza, tena kwa sauti ya chini. Lukumani alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi. Bibi alikuwa akimshonea kofia ya Idi alipoanza homa. Siku ya tatu Bibi alishona hadi pale, akaitwa ndani, na hakushona tena kofia ile. Kwa wanawake waliomfundisha Bibi ushonaji, kofia ya mtu aliyefariki kabla haijaisha haimaliziwi, haifumuliwi, na wala nakshi yake haishonwi kwa mwingine. Inawekwa. Mama mwenyewe alikuwa hajazaliwa, na hakuwahi kuthubutu kuuliza zaidi.

Ijumaa Bibi hakushika sindano. Alikaa mkekani, kidole chake kikitembea gotini kama kinahesabu kitu. Najiat naye alianza kuiona ile nafasi kila mahali: kwenye ukili wa mkeka, kwenye matundu ya dirisha la darasa. Kila alipoiona, alifikiria watoto arobaini wakicheza ngoma mbele ya watu, na kila mmoja mwilini mwake ana mahali pale ambapo Bibi aliitwa ndani. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani Jumatatu isifike.

Saa ya kutoka alimfuata Mwalimu Asnath ofisini. Alitaka kueleza vizuri, kwa mpangilio, lakini alilia kwanza. Mwalimu alimsubiri. Najiat alisema yote: sanduku, picha, mashine, na yale maneno mawili aliyoyaandika kwenye fomu.

"Nilidhani sharti lile la kuomba ruhusa ni kwa ajili ya mashine," Najiat alisema.

"Mashine haisomi ubao wetu, Najiat," mwalimu alimjibu. "Tuliliandika kwa ajili yako. Mashine haijui kofia ni ya nani. Wewe ndiye uliyekuwa na wa kumuuliza."

Mwalimu alipiga simu uchapaji usimame. Ushindi ukahamia kwa Ngollo, mvulana aliyechora nakshi za vikapu ambavyo mama yake husuka kule Goweko, na aliyeandika jina la mama yake kwa herufi kubwa kuliko lake. Siku ile ile wakaenda kwa Kabula, naye akalitoa gauni, kisha Najiat na mwalimu wakaelekea Ng'ambo kwa Bibi.

"Shikamoo, Bibi," Mwalimu Asnath alisema, akaketi ukingoni mwa mkeka.

"Marahaba, mwanangu."

Mwalimu aliomba radhi kwa niaba ya shule, kwa kusifia kitu bila kuuliza kimetoka wapi. Akamkabidhi Bibi lile gauni. Picha kwenye simu itafutwa, alisema, lakini kule ilikokwenda ndani ya mashine hawezi kumuahidi kitu. Bibi alisikiliza, akatikisa kichwa kidogo. Mwalimu alipoondoka, Najiat alipiga magoti mbele ya bibi yake.

"Nisamehe, Bibi. Nilichukua bila kukuomba, halafu nikadanganya."

"Ungeniomba ile, ningekukatalia," Bibi alisema. "Ungenuna siku moja. Siku ya pili ningekaa na wewe tukachora nyingine."

Bibi alilikunja gauni mara mbili, mara nne, nafasi tupu zikaingia ndani hadi hakuna iliyobaki nje. Ndipo Najiat akauliza lile ambalo nyumba nzima haikuwahi kuliuliza.

"Bibi, Lukumani alikuwaje?"

Bibi aliliweka gauni pembeni. Kisha ghafla akacheka, machozi yakimtoka.

"Mkorofi," alisema. "Haombi kitu yule, anachukua tu. Sukari, sindano zangu, vyote. Ukimuuliza, anakukazia macho na kukana. Kama wewe, Naji, kama wewe kabisa." Akamvuta mjukuu wake, akamkumbatia kwa nguvu. "Nilikuwa nasema, akikua kidogo nitamfunza kuomba na kusema kweli. Yeye sikumuwahi. Wewe nimekuwahi."