Kurasa za Nyuma za Daftari la Mama

Nyumbani kwa Pantaleo, mtaa wa Singe mjini Babati, kazi ya kwanza ya asubuhi ilikuwa kuwasha moto, na ya pili ilikuwa kuandika namba. Moto ulikuwa kazi ya Bibi Genoveva. Namba zilikuwa kazi ya Benadetha, mwanafunzi wa darasa la sita, ambaye mwandiko wake ulisifiwa mpaka ofisi ya walimu. Tena likizo ya Juni ilikuwa imeanza, kwa hiyo hakuwa na kisingizio.

Akishafagia uwanja na kufungulia kuku, Benadetha alinawa mikono, akachukua daftari dogo lenye jalada la bluu, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda cha mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bena. Umeamkaje?"

"Salama. Nesi Coletha anauliza, leo maumivu ni namba ngapi?"

Nesi Coletha hakuwapo pale. Alikuwa Moshi, katika hospitali ya rufaa ambako Mama Bena alitibiwa saratani ya titi. Ndiye aliyewapa daftari lile na kuwafundisha kulitumia: sifuri maana yake huna maumivu hata kidogo, kumi maana yake maumivu yamekushinda kabisa. Kila baada ya wiki tatu Mama Bena alipanda basi la alfajiri, akatundikiwa dripu ya dawa kali ya kuua saratani, akalala huko, na kesho yake akachomwa sindano moja kabla ya kurudi nyumbani. Dripu zilizopangwa zilikuwa nne. Sasa alikuwa ametoka kupata ya pili.

"Mbili," alisema mama. "Andika mbili."

Benadetha akaandika mbili. Jana aliandika mbili, na juzi mbili. Zilijipanga ukurasani kama bata wanaokwenda ziwani.

Shida ni kwamba Benadetha alikuwa na macho. Alimwona mama yake akikaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu kabla ya kukanyaga chini. Alimwona akishika kikombe kwa mikono miwili, na akitembea huku kiganja kinapapasa ukuta. Huyu ndiye mama aliyekuwa akitoka Singe mpaka sokoni na debe la mahindi kichwani bila kulishika, huku anapiga soga na kila anayekutana naye.

Jumamosi, siku ya tatu tangu sindano, wanajumuiya walikuja kumwona mgonjwa. Walileta sukari, maziwa na sala. Mama Bena alijifunga kitambaa kichwani, maana nywele zilikuwa zimekwisha zote, akajifunga na khanga mpya, akatoka. Akawamiminia chai mwenyewe. Walipoanza kuimba, akachukua sauti ya kwanza kama alivyozoea kanisani. Benadetha alimtazama kutoka jikoni akashindwa hata kuosha sufuria. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kutetemeka miguu chini ya khanga na sauti yake isitetemeke.

Wageni walipoondoka, mama alibaki amesimama pale pale. Hakuweza kukunja magoti ili akae. Bibi Genoveva alimshika kiuno, akamteremsha polepole kwenye kiti.

"Huyo ndiye mkwe wangu," Bibi alisema kwa fahari. "Mwanamke wa kwetu hasemi naumwa. Mimi kule Mbulu nilizaa watoto saba, na jirani alijua tu aliposikia kichanga kinalia."

Bibi alipokwenda kufungia kuku, Benadetha alisogea karibu na mama yake.

"Mama, ile mbili ya asubuhi si ya kweli."

Mama alishusha sauti. "Unamkumbuka Rosalia wa Katesh, niliyekuambia tulikaa benchi moja? Alimwambia daktari mifupa inamuuma, na siku ile ile akarudishwa nyumbani bila dripu. Mimi sitaki kurudishwa, Bena. Nataka kumaliza. Mbili ni namba nzuri, haimshtui mtu."

Kisha akafungua pindo la khanga, akatoa vidonge viwili vyeupe, akavimeza. Alipewa na jirani, masalio ya dawa za mgongo za mume wa huyo jirani. "Na hili usimwambie mtu," alisema.

Benadetha alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, penye magunzi ya mahindi. Alikuwa amejifunza katekisimu, na leo amri zilimgombania. Amri ya nne ilimwambia awaheshimu wazazi. Amri ya nane ilimwambia asiseme uongo. Aliyeombwa aandike uongo huo ni yeye, na aliyemwomba ni mama yake mzazi, mgonjwa. Aliogopa. Aliogopa kwamba akisema kweli mama atakosa dripu, na akinyamaza mama ataharibikiwa na kitu ambacho hakuna anayekijua.

Mwishowe aligeuza daftari juu chini na kuanza kuandika kurasa za nyuma. Huko hakuweka namba. Aliandika alichokiona tu, kuanzia jana yake na kila siku iliyofuata.

Maumivu yalianza kulegea siku ya sita, na kwenye siku ya nane yakaondoka kama yalivyokuja. Wiki ya tatu ilipotimia mama alikuwa anasonga ugali mwenyewe. Pantaleo, baba yake Benadetha, alibaki kuvuna mahindi, kwa hiyo Benadetha ndiye aliyemsindikiza mama yake Moshi.

Nesi Coletha alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na mwendo wa haraka, lakini alipofungua daftari haraka yote ilimwisha. Alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Mama Bena. Mbili, siku ishirini?"

"Ndiyo, nesi. Mungu ni mwema."

"Kweli ni mwema." Nesi akamgeukia Benadetha. "Na mwandishi wetu anasemaje?"

Benadetha aliona macho ya mama yake. Hayakuwa makali. Yalikuwa yanamsihi, na hilo lilikuwa gumu kuliko ukali. Mtoto kumkanusha mama yake mbele ya mtu mzima, tena ugenini, si jambo dogo.

"Mama, nisamehe," alisema. Akalichukua daftari, akaligeuza juu chini, akalirudisha mezani.

Nesi Coletha alisoma kimya. Kisha akamwomba Mama Bena ruhusa, akasoma kwa sauti ya chini:

"Siku ya pili. Mama amekaa ukingoni mwa kitanda mpaka uji ukapoa. Siku ya tatu. Ameshika ukuta mara tatu kabla ya kufika mlangoni. Ameimba sauti ya kwanza, halafu hakuweza kukaa. Amemeza vidonge viwili kutoka kwenye pindo la khanga. Siku ya nne. Ameniambia nimvue soksi, mikono yake haikufika. Siku ya nane. Amecheka."

Mama Bena aliinama. Machozi yake yalidondoka juu ya khanga, lakini hakuonekana kuwa na hasira.

"Niulize tu, nesi," alisema hatimaye, na sauti iliyoimba bila kutetemeka sasa ilitetemeka. "Ugonjwa umeingia kwenye mifupa? Nimeogopa kuuliza tangu dripu ya kwanza."

Hapo ndipo Benadetha alipoelewa. Mama yake hakuwa akiificha namba tu. Alikuwa akilificha swali hilo, amelibeba peke yake siku zote hizo, kwenye chai, kwenye nyimbo, kwenye basi. Mzigo huo ulizidi debe lolote la mahindi.

Nesi Coletha alivuta kiti chake karibu. "Daktari atakupima leo, na jibu kamili utalipata kwake. Lakini maumivu yanayokuja siku ya pili na kuondoka yenyewe ndani ya wiki moja, tabia yake tunaijua. Dripu yenyewe huumiza viungo. Na ile sindano unayochomwa kesho yake nayo ina kazi yake. Benadetha, umewahi kula uboho?"

Benadetha alishangaa. "Ndiyo. Krismasi, mimi na Amos mdogo wangu tunagonga mfupa wa mbuzi kwenye jiwe, tunaufyonza."

"Basi, humo ndimo damu ya kiumbe inamotengenezwa. Sasa hivi tunavyoongea, ndani ya mifupa yako uboho unatengeneza damu mpya, na hujaambiwa wala hujasikia. Dripu inaua saratani, lakini inapunguza pia chembe nyeupe, askari wa mwili. Sindano inauambia uboho wa mama yako ufanye kazi kwa nguvu zaidi, ulete askari wengine. Kazi ni kubwa na mahali ni padogo. Ndiyo maana mifupa inauma."

Benadetha alijitazama magoti. Yalikuwa magoti yale yale yenye kovu la kuanguka mtini. Kumbe ndani yake palikuwa na shughuli namna hiyo, mchana na usiku, bila kengele wala msimamizi. Akamtazama mama yake, amekonda, hana nywele, na mwili wake unaunda jeshi zima. Alihisi kama mtu aliyeingia kanisani akasahau kukaa.

"Na Rosalia?" mama aliuliza.

"Habari za mgonjwa mwingine siwezi kukupa. Ila sikiliza hili: hapa hatumrudishi mtu kwa sababu amesema anaumwa. Dripu tunaiahirisha kipimo cha damu kikionyesha askari ni wachache. Maumivu ukituambia, tunayatibu." Akanyoosha mkono. "Nipe hivyo vidonge."

Mama Bena akafungua pindo. Nesi alivitazama, akatikisa kichwa. "Vya aina hii vinaweza kukutoa damu tumboni wakati huu. Tena vinaficha homa. Homa kwako ni taarifa ya hatari, inakuambia ukimbilie hospitali saa ile ile. Ukiificha, utajuaje?"

Daktari alimpima Mama Bena, akasoma majibu ya damu, akamwambia mwenyewe kwamba hakuona dalili ya ugonjwa mifupani. Dripu ya tatu ilitundikwa siku hiyo hiyo, wala haikupunguzwa. Walirudi Babati kesho yake na mfuko wenye dawa ya maumivu iliyoandikwa saa zake, kipimajoto, na maagizo: apime joto kwanza ndipo ameze dawa, aweke kitambaa cha uvuguvugu penye maumivu, asikandwe kwa nguvu, na atembee kidogo kila siku, maana viungo vikilazwa vinakaza.

Siku ya tatu ilifika. Asubuhi Benadetha aliketi kwenye kigoda. Bibi Genoveva alikuwa mlangoni na kuni, na Pantaleo alikuwa anapita na gunia la mahindi begani.

"Mama, leo ni namba ngapi?"

Mama Bena alimtazama mkwewe, akamtazama mumewe.

"Nane," alisema.

Baba alitua gunia. Alikuwa amelala nyumba moja na maumivu yale wiki nzima mara mbili, na hii ndiyo mara ya kwanza aliyasikia yakitajwa. Alikwenda moja kwa moja kubandika maji motoni, kazi ambayo Benadetha hakuwahi kumwona akiifanya. Bibi Genoveva aliweka kuni chini, akaketi. Kipimajoto kilisema hakuna homa, mama akameza dawa yake, na Bibi akachovya kitambaa, akakikamua, akakilaza kwenye magoti ya mkwewe kwa mikono iliyozoea kupukuchua mahindi na ambayo leo ilikuwa laini ajabu.

Mchana mama na binti walitembea kutoka mlangoni hadi barabarani, hatua arobaini na moja, wakasimama kuutazama mlima Kwaraa uliokuwa umevuliwa mawingu. Wakarudi. "Sasa ni tano," mama alisema, na safari hii hakuna aliyekuwa na shaka.

Jioni, wakichambua mbaazi uwanjani, Bibi alimwita mjukuu wake.

"Bena."

"Abee, Bibi."

"Nilikuwa najisifu kwamba nilizaa saba bila kutoa sauti. Leo nitakwambia ambalo sijamwambia mtu. Yule wa nne nilikaribia kufa naye, kwa sababu nilinyamaza mpaka saa za hatari. Nikaita hilo ushujaa, na nikamfundisha mama yako." Alipepeta ungo, makapi yakaruka. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Kuvumilia ni vizuri, mjukuu wangu. Lakini anayekutibu ukimdanganya, unajidanganya mwenyewe. Na wewe ulimheshimu mama yako siku ile kule Moshi kuliko sisi sote tuliomsifu. Ulisema kweli ili aishi."

Benadetha aliendelea kuchambua mbaazi. Zile amri mbili zilizomgombania nyuma ya nyumba zilikuwa zimekaa pamoja kwa amani, na hakujua zilipatana lini.

Siku zilizofuata aliandika sita, tano, nne, tatu. Ukurasa haukuwa tena na bata. Asubuhi ya siku ya nane alikuta kitanda kimetandikwa, na mama yake yuko jikoni, ameinama, anapuliza moto.

"Shikamoo, mama. Leo ni namba ngapi?"

Mama Bena alisimama bila kushika ukuta. Alifikiri kidogo, akitikisa goti moja, kisha la pili.

"Mbili," alisema.

Benadetha alimtazama vizuri kwanza, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi miguuni. Kisha akaandika mbili.