Karatasi Zenye Vipele

Mpekuzi alihitaji sekunde nne tu kuujibu ukumbi mzima. Asubuhi ile ya mwaka 2081, wasomaji arobaini na wawili walikuwa wameketi katika Maktaba ya Mnara jijini Dodoma, kila mmoja na swali lake: huyu anauliza kuhusu udongo wa Mirihi, yule sheria za ndoa, mwingine magonjwa ya mihogo. Akili unde hiyo iliyokaa ndani ya kuta iliyapokea maswali yote kwa pamoja, ikapitia maandiko milioni tisa, kisha ikamnong'oneza kila mtu majibu yake sikioni. Rafu hazikuwapo tena. Miaka sita nyuma vitabu vyote vya karatasi vilipitishwa mbele ya macho-mwanga, mashine iliyopiga picha kurasa elfu moja kwa dakika. Vilivyokwisha kunakiliwa viliondolewa, na jiji zima likashangilia.

Tunu Mahimbo alikaa karibu na dirisha, fimbo yake nyeupe mapajani. Alifundisha hesabu katika shule ya watoto wasioona huko Mpwapwa, na sasa alikuwa akifanya utafiti wa shahada ya uzamili katika elimu maalumu. Yeye mwenyewe alizaliwa haoni.

"Mpekuzi," alisema, "nitafutie maandiko ya Kiswahili kuhusu kufundisha hesabu kwa watoto wasioona. Sitaki nadharia. Nataka yaliyoandikwa na walimu walioingia darasani."

"Nimepata maandiko elfu arobaini na moja ya lugha za nje."

"Nimesema ya Kiswahili."

"Ya Kiswahili ni tisa. Mawili ni hotuba za ufunguzi wa semina. Saba hayana maandishi."

"Hayana maandishi kivipi?"

"Ni juzuu saba za Yustina Magesa, zenye jina *Namna Nilivyofundisha Hesabu*. Jalada lina wino. Ndani ni kurasa tupu. Ziliondolewa."

Tunu aliwaza. Mtu gani angejaza juzuu saba kwa kurasa tupu, azifunge vizuri, kisha azipeleke maktaba?

"Nisomee taarifa yote ya ukaguzi."

"Kurasa elfu moja mia mbili na sita," Mpekuzi alisema kwa sauti yake laini. "Wino, hakuna. Karatasi, nene kuliko kawaida. Kasoro, magurudumu ya kuvuta karatasi yamehisi vipele. Uamuzi, hazifai kuhifadhiwa."

Tunu alielewa. Vipele! Zilikuwa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, yanayotobolewa kwenye karatasi nene ili kila herufi iinuke. Macho-mwanga yalimulika kila ukurasa kutoka pande zote ili kufuta vivuli, na nundu isiyo na kivuli haionekani kabisa. Mashine ilikuwa imeangalia maisha mazima ya mwalimu ikaona weupe.

"Vitabu vingapi viliandikiwa kasoro hiyo?"

"Elfu moja mia tatu na kumi na viwili."

"Viko wapi?"

"Vilisagwa. Rojo lake lilitumika kutengeneza trei za mayai."

Wasomaji waligeuka waliposikia kiti kikianguka. Tunu alikuwa amesimama.

Mhandisi Erasto Chilewa, aliyebuni macho-mwanga, alimpokea ofisini kwake ghorofa ya kumi na moja. Alikuwa mtu wa adabu. Alimvutia kiti, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaifungua taarifa ile na kuisoma mwenyewe.

"Nasikitika sana, Bi Tunu," alisema hatimaye. "Lakini uelewe ukubwa wa kazi yenyewe. Katika kila kurasa elfu kumi, mashine hukosea moja tu. Tuliipima kwa miezi minane."

"Mliipima kwa vitabu gani?"

"Vya kila aina. Vya zamani, vya picha, vilivyoliwa na mchwa..."

"Vya nukta nundu?"

Erasto aliifunga taarifa.

"Kitabu kilicholiwa na mchwa mlikikumbuka," Tunu alisema. "Sisi hamkutukumbuka."

"Kwa miaka sita hakuna aliyelalamika."

"Alalamike wapi? Fomu yenu ya malalamiko ni kioo cha kugusa, kinateleza kama sahani iliyooshwa. Nimesimama mbele yake mara tatu kwa mambo mengine. Mara zote nilimwomba mlinzi anijazie, na mara zote aliniambia nirudi na mtu wangu."

Mhandisi alishusha pumzi. Kisha sauti yake ikapata uhai kidogo, kama mtu aliyeona mlango. "Kuna jambo tunaloweza kufanya. Mpekuzi anajua mbinu zote za elimu maalumu duniani. Tukimpa jina la mwandishi, miaka aliyofundisha na mazingira ya shule yake, anaweza kuviandika upya vitabu hivyo kwa makadirio. Juzuu zote saba. Kesho asubuhi unazo."

"Avitunge?"

"Avikadirie."

"Mhandisi, mama yako yu hai?"

"Alifariki."

"Mpekuzi akikukadiria barua zake, utazisoma ukaamini ni zake?"

Erasto aliinamisha kichwa. Tunu hakumwona, lakini alisikia kiti kikilia.

"Kama mwandishi mwenyewe bado yupo," alisema Tunu, "utakwenda kumwambia kwa kinywa chako. Na mimi nitakuwapo."

Yustina Magesa alikuwapo. Mpekuzi alimpata kwa sekunde moja: miaka themanini na sita, Singida, nyumba ya tatu nyuma ya kituo cha treni ya sumaku. Kesho yake saa nne Tunu na Erasto waliketi sebuleni kwake, nyumba inanukia mafuta ya alizeti.

"Shikamoo, Mwalimu," walisema wote wawili.

"Marahaba," alijibu Yustina, naye asiyeona kama Tunu, walipokwisha kujitambulisha. "Mhandisi wa maktaba kuja mpaka kwangu? Kuna nini?"

Erasto alieleza. Alianza na sekunde, asilimia na mwanga, mpaka Yustina akamkata.

"Acha hesabu. Hesabu naijua. Vitabu vyangu viko wapi?"

"Vilipotea, Mwalimu."

"Vilipotea? Vilitoka vyenyewe vikashika njia?"

"Viliharibika katika zoezi la..."

"Nani aliviharibu?"

Kituoni treni ilifunga breki.

"Sisi," alisema Erasto. "Tuliviharibu sisi."

Yustina hakulia. Alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Miaka thelathini na moja nilitoboa karatasi zile kwa mkono huu! Nilizipeleka maktaba kwa sababu nyumba inaungua, nyumba inavuja. Nikasema serikali haivuji. Mlishindwa hata kupitisha kidole? Kidole kimoja tu, mara moja?"

"Mwalimu," Tunu alisema polepole, "nimekuja unisimulie. Nitaandika kila utakachokumbuka."

"Nitakumbuka juzuu mbili, labda tatu. Mbinu zangu zimo kichwani. Lakini hizo nyingine hazikuwa zangu." Sauti yake ilishuka. "Ziliandikwa na watoto. Niliwapa kila mmoja karatasi nikamwambia, nieleze sifuri ni nini kwako. Walikuwa mia moja arobaini na tatu. Chausiku aliandika kwamba sifuri ni kitanda cha dada yake baada ya surua. Alikuwa na miaka tisa. Na yeye tulimzika mwaka uliofuata. Hakuacha kitu kingine duniani ila ukurasa ule."

Erasto alitoka nje. Walimsikia akitembea huku na huku barazani, kisha akarudi na kuuliza kama anaweza kupata majina ya watoto wale. Yustina alimwambia atapata, kwa sharti moja. Mpekuzi asiyaguse. Ayaandike Erasto mwenyewe, kwa mkono, kwa kitoboleo cha nukta nundu, hata kama itamchukua mwezi kujifunza.

Tangazo la kuwatafuta lilisomwa redioni wiki mbili mfululizo. Jumamosi ya tatu, wanafunzi wa zamani wa Yustina walifika uani kwake: mfumaji vikapu kutoka Iramba, mwanasheria, fundi wa kuoanisha sauti za piano, bibi aliyeongozwa na mjukuu wake mkubwa. Kila mmoja alikuja kueleza upya alichokieleza akiwa mtoto. Walikuwa kumi na sita. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi.

"Nani anapiga makofi?" Yustina aliuliza kwa ukali, na makofi yakakoma. "Kumi na sita katika mia moja arobaini na tatu. Hiyo si sherehe."

Aligeukia upande aliokaa Erasto, aliyekuwa ameshika kitoboleo kwa vidole vilivyojaa malengelenge, karatasi nene ya kwanza imebanwa mbele yake.

"Upo tayari?"

"Nipo, Mwalimu. Nianze na nani?"

"Anza na wasiokuja," alisema Yustina. "Chausiku."