Kutua Mbele ya Mama Mkwe

Upepo ulikuwa wa kuvizia, unatulia kisha unapiga ubavuni kwa kishindo. Rubani alijaribu kutua mara ya kwanza kwenye kiwanja cha porini, ndege ikayumba, akapaa tena kama alivyofundishwa. Hapo mama mkwe wake, abiria wake wa pekee, ambaye hakuwahi kupanda ndege maishani, akamuuliza kwa upole, "Umekosa njia, baba?"

Swali dogo, lakini lilimchoma. Mafuta yalitosha kurudi mjini, na akili ilimwambia arudi. Lakini ukoo mzima usikie kwamba mume wa binti yao kaukimbia upepo? Akaishusha ndege.

Gurudumu la kushoto liligusa ardhi, upepo ukalinyanyua bawa la kulia. Ndege ikaacha kiwanja, ikafyeka vichaka, ikapinduka. Wakaning'inia kwenye mikanda vichwa chini, mafuta yakidondoka. Rubani aliwahi kuita msaada redioni, kisha akamburuta mama nje. Mguu wa mama ulikuwa umevunjika chini ya goti, damu inachuruzika.

Alichana shati lake, akaufunga mguu kwa matawi mawili. Kivuli na tangi la maji vilikuwa ng'ambo ya kiwanja, na kiwanja hakikuwa na mtu. Ikabaki kumbeba. Mtu na mkwewe huoneana haya hata kukaa kiti kimoja, leo ampandishe mgongoni, tena kifua wazi! Akachuchumaa, macho chini.

"Nibebe tu," mama akasema. "Haya tutaoneana tukipona."

Wakaenda, akipumzika kila goti lilipolegea. Mama hakulia. Alikuwa akimshukuru, na kila "asante, mwanangu" ilimuuma kuliko jua lililomchoma mabega. Tangini alimnywesha kwa viganja vyake.

Waokoaji walipofika jioni, mama aliwasimulia ushujaa wa mkwewe hadi mmoja akampigapiga bega na kumwambia ajali haina kinga. Rubani alitamani ardhi ipasuke immeze. Kunyamaza kungekuwa rahisi.

"Hii ilikuwa na kinga," akasema. "Ningeweza kurudi mjini. Niliona aibu mbele yako, mama."

Waokoaji wakajifanya wanakunjua machela. Mama aliutazama mguu wake, kisha akamtazama yeye.

"Mimi tangu tunapaa natamani turudi," akasema. "Nikaona aibu kukwambia."