Kuni Mbichi za Babu Cyprien

Kila Jumamosi, kabla giza la asubuhi halijaondoka vizuri, Darcy alitangulia nje kuiamsha pikipiki ya theluji. Mashine ile ilikuwa kuukuu na yenye kiburi. Ilitaka ifunikwe blanketi, iwekewe bati la makaa chini ya tumbo, ibembelezwe, ndipo ikubali kukohoa na kuwaka. Ndani ya nyumba, Bibi Celine alikuwa akimkagua Verna: glavu mbilimbili, soksi za sufu, skafu hadi puani. Mwisho aliyafunika masikio ya mjukuu wake kwa kofia ya manyoya, polepole, kama mtu anayefunga kitu cha thamani.

"Hayo yatunze," alisema. "Ndiyo yanayotupa moto."

Na kweli. Wazazi wao walikuwa kwenye zamu mgodini, mbali sana, kwa hiyo kuni za nyumba zilikuwa kazi ya watoto hawa wawili. Darcy, aliyekuwa amemaliza shule, aliendesha mashine na kukata miti kwa msumeno wa injini. Verna, aliyekuwa bado darasa la saba, alichagua. Kuni zetu hutoka ng'ambo ya mto, kwenye msitu uliowahi kuungua, na huko miti yote ni myeusi, huwezi kuitofautisha kwa macho. Hata shoka hudanganyika. Katika baridi kali, mti mbichi huganda mpaka ukapasuka kwa pigo moja, safi kabisa, kama mkavu. Dawa yake ni kuugonga kwa kisogo cha shoka na kusikiliza. Mkavu hulia kama dumu tupu. Mbichi hujibu kwa uzito, kama gunia la unga lililopigwa teke. Bibi alimfundisha Verna kazi hiyo alipokuwa mdogo, na masikio yake yakawa hodari kuliko ya Darcy, jambo ambalo Verna hakuacha kumkumbusha kaka yake.

Sleji ya kwanza ya kuni, lile gari la kuteleza lililovutwa na mashine, haikuja nyumbani. Ilikwenda kwa Babu Cyprien, aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho, karibu na ukingo wa mto. Hivyo ndivyo tunavyofanya kijijini kwetu: mzee asiye na wa kumkatia hupata kwanza, wengine baadaye. Unashusha magogo uani kwake na kuondoka bila kubisha hodi. Naye aliyepewa hazichambui kuni, wala hazisemi vibaya. Siku yoyote nyingine utaona samaki mkavu amening'inizwa mlangoni kwako, na mambo yamekwisha.

Jumamosi moja ya katikati ya majira ya baridi, timu ya hoki ya wasichana wa kijiji jirani ilikuwa inakuja kwa barabara ya barafu. Verna alikuwa golikipa. Wiki nzima hakuzungumza kitu kingine, na Darcy alimtania kwamba hata angeulizwa jina lake angejibu mabao. Mchezo ulipangwa kuanza mchana, maana jua letu la msimu huo halikai. Msitu ulioungua zamani, wenye kuni kavu, uko nyuma ya kona ya pili ya mto, na safari yake hula mchana wote. Lakini upande huu wa kona kulikuwa na miti iliyoungua kiangazi kilichopita tu. Ilikuwa myeusi vilevile kwa nje, lakini moto wa juzi hauukaushi mti hadi ndani.

"Tuanzie hapa," Verna alisema. "Kwa nini tuchome petroli bure?"

Darcy aliitazama miti ile kwa mashaka. "Si ya juzi hii? Gonga kwanza."

Verna aligonga. Sauti iliyorudi ilikuwa nzito, fupi, imezibwa. Aligonga mti mwingine, nao ukajibu vilevile. Alilitazama jua, lililokuwa tayari limekaa juu ya vilele.

"Vipi? Mikavu?" Darcy aliuliza, kamba ya msumeno mkononi.

"Mikavu," alisema Verna.

Lilikuwa neno moja tu, na Darcy hakuuliza tena. Alikata, wakapakia, wakafunga kamba. Mashine ililalamika njia nzima kuvuka mto, na Darcy akashangaa mbona mzigo ni mzito hivi. Verna alimwambia ni theluji iliyogandia magome. Walishusha yote uani kwa Babu Cyprien, kwa sababu nyumbani kwao kuni kavu zilikuwa bado zimejaa ukutani. Verna alijiambia kwamba mzee hakosi akiba. Kisha alikimbia kwenye mchezo wake, akazuia mabao mpaka watu wakaliimba jina lake, na jioni alilala akiwa na furaha isiyo na kasoro.

Baridi yenyewe ilishuka siku mbili baadaye. Ile ya msimu huo hatujaisahau. Mate yaliganda kabla hayajafika chini, mikanda ya mashine ilikatika kama biskuti, na hakuna aliyethubutu kuvuka mto. Shule ilifungwa. Kila nyumba ilikaa karibu na jiko lake la chuma na kusubiri.

Dirisha la jikoni kwa kina Verna lilitazama nyumba ya Babu Cyprien. Siku ya kwanza ya baridi ile aliona moshi wa mzee ukitoka mzito, wa manjano, ukilala juu ya paa badala ya kupanda. Verna aliujua moshi ule, ni wa kuni mbichi. Aliondoka dirishani, akaenda kukaa upande mwingine wa chumba. Kesho yake ulikuwa vilevile. Bibi naye aliuona, akasema tu kwamba leo Cyprien anavuta moshi kuliko treni. Verna aliinamia kitabu chake.

Siku iliyofuata moshi ulibadilika. Ulipanda mwembamba, mweupe, umenyooka. Ni moshi wa kuni kavu kabisa. Verna alihisi kama aliyetuliwa mzigo mgongoni. Kumbe magogo yale si mabichi kiasi hicho, aliwaza. Kumbe nilijitisha bure.

Mchana huo Bibi alimpa sufuria ndogo ya supu ya samaki, akamwambia ampelekee mzee upesi kabla haijaganda njiani.

Alipofungua mlango, baridi ya ndani ilimshangaza. Babu Cyprien alikuwa amevaa koti na kofia nyumbani mwake. Nyuma ya jiko magogo meusi yalikuwa yamepangwa, na kwa kuwa barafu ilikuwa imeyeyuka, maji yalitoka kwenye ncha zake na kutengeneza kidimbwi sakafuni. Lakini si hayo yaliyomsimamisha Verna mlangoni. Ukuta ulikuwa mtupu.

Kijiji kizima kiliujua ukuta ule. Hapo ndipo ilipotundikwa sleji ndefu ya mbwa ambayo Babu Cyprien aliichonga ujanani, ya mbao nyembamba zilizopindwa kwa mvuke wa maji moto. Marehemu mkewe, Agathe, ndiye aliyezisuka kamba zake. Siku ya harusi yao waliingia kijijini wakiwa ndani yake, mbwa wakibweka, watu wakicheka. Mbwa walikufa, Agathe akafa, sleji ikabaki ukutani. Sasa kilichobaki kilikuwa ile pua yake iliyojikunja, imeegemezwa pembeni, na ubao mmoja ambao mzee alikuwa akiukata kwa msumeno wa mkono.

"Ingia, mjukuu wangu, usiipe baridi kiti," alisema. Alikohoa kwa muda mrefu. "Supu ya Celine hiyo? Basi leo mimi ni tajiri."

Verna aliuliza sleji iko wapi, ingawa alikuwa akiiona.

"Kazi yake ilikwisha. Mbwa wenyewe hawapo, ingevutwa na nani?" Aliusukuma ubao jikoni, ukashika moto mara moja, bila moshi. "Na zile kuni mlizoniletea ni nzuri. Zinataka kukauka tu. Mwakani zitafaa sana."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliomchoma Verna. Laiti mzee angefoka, yeye angejitetea. Aliweka sufuria mezani, akarudi nyumbani bila kuaga vizuri, machozi yakiganda kwenye kope.

Hakuweza kula. Bibi alimwuliza mara moja tu, na Verna akasema yote: mchezo, sauti nzito ya mti, neno lile moja, moshi, ukuta mtupu. Bibi Celine hakupandisha sauti. Alisimama akavaa viatu vyake.

"Mwambie kaka yako kwanza," alisema. "Yeye ndiye uliyemjibu."

Darcy alisikiliza huku akibadilika rangi. "Nilikuuliza," alisema. "Verna, nilikuuliza." Hakumwita golikipa wala masikio, majina aliyomtania nayo kila siku, na hilo lilimwuma kuliko tusi. Kisha alitoka, akaanza kubomoa rundo la kuni ukutani kwao.

Mashine haikukubali kuwaka, kwa hiyo waliivuta sleji ya mizigo kwa mikono, Darcy mbele, Verna nyuma, Bibi akifuata na chetezo cha makaa. Walirudia mpaka rundo lao likabaki nusu. Jiko la Babu Cyprien lilipoanza kunguruma, Verna alisimama mbele yake na kumwambia kwamba aliugonga mti, aliusikia kuwa ni mbichi, akasema mkavu kwa sababu alitaka kuwahi mchezo.

Mzee aliutazama moto. "Nilijua nilipoliweka gogo la kwanza jikoni," alisema.

"Mbona hukutuma neno, Babu? Tungekuletea zetu."

"Kuni za kupewa hazisemwi. Hivyo nililelewa." Aliigusa ile pua ya sleji kwa kidole. "Labda hapo nami nilikosea. Nilinyamaza kwa heshima, nikamchoma Agathe wangu ubao kwa ubao."

Hapo Verna alilia wazi, na mzee akamwacha alie. Baadaye alimkatia kipande cha samaki mkavu, wakala pamoja.

Tangu siku hiyo Verna alikwenda kwake kila baada ya shule. Alipasua kuni, alichota maji kwenye tundu la barafu, alisikiliza habari za mbwa waliokufa kabla mama yake hajazaliwa. Yale magogo mabichi aliyatoa nje, akayapanga kwa mkono wake chini ya upenu ambako upepo hupita. Lakini kikohozi cha mzee hakikuondoka. Barafu ya mto ilipokuwa inakaribia kulegea, Babu Cyprien alilala mchana akiwa amekaa kwenye kiti chake karibu na jiko, na hakuamka.

Kwetu ardhi ya wakati huo ni ngumu kama chuma, na kaburi halichimbwi mpaka moto uilainishe. Darcy alikwenda na Verna nyuma ya kona ya pili. Verna aligonga kila mti, akasikiliza, akagonga tena, na Darcy hakuwasha msumeno mpaka yeye mwenyewe apokee shoka na kujaribu. Verna hakuona ubaya. Moto uliwaka makaburini mchana hadi mchana, bila moshi, na Bibi akatupia ndani kipande cha samaki, chakula cha Cyprien cha safari. Ile pua ya sleji aliwekewa kifuani.

Verna alikuwa amebeba swali tangu siku aliyofariki. Alilitoa hapo, kando ya moto.

"Bibi, ni mimi niliyemwua?"

Bibi Celine alisukuma gogo ndani ya moto. "Nesi anasema moyo wake ulikuwa umechoka. Alikuwa mzee. Lakini hakustahili kulala kwenye baridi ile. Sijui, Verna. Nikikuambia hapana ili upate usingizi, nitakuwa nimekudanganya, na kudanganyana ndiko kumetufikisha hapa." Alimvuta karibu, akamfunika kwa shali yake. Walikaa hivyo mpaka watu wa kuchimba walipofika.

Majira ya baridi yaliyofuata, theluji ya kwanza iliposhika, Bibi aliwaambia waanze na kuni zilizokuwa chini ya upenu wa Babu Cyprien, wazipeleke kwa Mama Rosalie aliyefiwa na mumewe kiangazi. Nyumba ya mzee ilikuwa imefungwa, bomba lake la moshi limevaa kofia ya theluji. Verna alichukua shoka, akaligonga gogo la juu kwa kisogo.

Lililia kama dumu tupu. Aligonga la pili na la tatu, nayo yakalia vilevile, sauti safi ikaenda hadi ng'ambo ya mto.

"Vipi, masikio?" Darcy aliuliza taratibu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo tangu mwaka jana. "Makavu?"

"Makavu," alisema Verna. Alimgeukia Bibi. "Alisema mwakani yatafaa."

"Yamefaa," alisema Bibi Celine. "Mti ukiupa mwaka hukauka. Mtu hawezi kukusubiri mwaka, mjukuu wangu. Akikuuliza leo, mwambie kweli leo, hata kama inakuchelewesha, kwa sababu atakwenda kulala akitegemea jibu lako."

Darcy alishika upande mmoja wa gogo, Verna akashika wa pili, wakaliweka kwenye sleji. Lilikuwa jepesi sana.