Nyuzi za Baba

Kila Jumamosi, kabla ya chai, nilikuwa na kazi moja: kubadilisha maji kwenye chupa ya baba. Chupa ilikaa dirishani jikoni, na ndani yake zilielea nyuzi za kijani, laini kama nywele za mtoto mchanga. Wageni waliziita uchafu. Baba, aliyekuwa mwalimu wa baiolojia, aliziita mwani, na alizitunza miaka kumi na miwili kwa ajili ya wanafunzi wake. Alipofariki mwaka jana, mama, ambaye ni mtunza maabara wa shule yetu, alinikabidhi mimi chupa hiyo.

"Maji ya mvua tu," aliniambia. "Ya bomba yana dawa, yataziua."

Jumamosi moja nikakuta pipa letu tupu. La shangazi lilikuwa limejaa, mwendo wa dakika kumi tu. Lakini mimi na uvivu wangu! Nikafungua bomba. Nani angejua?

Jumatatu nyuzi zilianza kupauka, nikaihamishia chupa chumbani kwangu mama asiione. Kufika Jumatano zilikuwa nyeupe, zinanuka. Nyumbani naitwa Chiriku kwa sababu sifungi mdomo, lakini wiki ile nilikuwa bubu.

"Nyuzi za baba yako hazijambo?" mama aliuliza.

"Hazijambo, mama."

Alhamisi nikazimwaga, nikachota nyingine kwenye mtaro uani kwa jirani. Kijani ni kijani, nilijidanganya.

Ijumaa darasa letu lilikuwa na somo la vitendo, nami nikaipeleka chupa maabara. Mama alitia vidole chupani, akasita. Akazisugua zile nyuzi, akaziweka chini ya hadubini, akatazama, akatazama tena. Kisha akaniita.

"Chungulia. Unaona nini?"

"Uzi, mama. Una matawi."

"Mwani wa baba yako hauna matawi. Seli zake zimefuatana kwa mstari mmoja, na ndani ya kila seli kuna utepe wa kijani uliojisokota. Ukiushika unateleza. Huu unakwaruza. Yote miwili ni mwani wa kijani, lakini ni aina mbili tofauti." Akashusha sauti. "Za baba yako ziko wapi?"

Nilisema yote, huku nalia mbele ya wenzangu. Mama hakunifokea. Heri angenifokea! Alikaa kwenye kigoda, mikono yake bado imelowa, akalia pia. Sikuwa nimemwona akilia tangu siku ya mazishi.

Kesho yake alinipeleka kwenye shimo walilochimba wafyatua matofali, ambako maji yametuama. Alinifumbisha macho nipapase hadi nipate nyuzi zinazoteleza. Jumatatu darasa likauona utepe uliojisokota. Tuliona hata nyuzi mbili zilizolala sambamba, zimeunganishwa kwa vijibomba, vilivyomo katika seli za uzi mmoja vikihamia kwa mwenzake. Mama alieleza kwamba vikiungana hufanya mbegu ndogo yenye ganda nene, inayostahimili ukame hadi maji yarudi. Wenzangu walifurahi. Mimi hata kuchora nilishindwa.

Jioni nikamuuliza, "Mama, hizi si ndizo zilezile?"

"Ni za aina ileile. Lakini siyo zile." Alivuta pumzi. "Mwani huu ukikatika, kila kipande hurefuka kikawa uzi mpya. Zile ulizomwaga zote zilitokana na kipande kimoja alichookota baba yako nilipokuwa na mimba yako."

Nikainama. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

"Jumatatu iliyopita, zilipoanza kupauka," aliendelea, "kuna zilizokuwa bado kijani?"

"Za katikati, mama. Kidogo sana."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikamwonyesha ncha ya kidole changu.

Mama alikishika kile kidole.

"Hizo zingetosha," akasema. "Maji ya bomba yalikuwa kosa tu, mwanangu, na tungelirekebisha pamoja. Zilizoziua ni zile siku ulizokaa nalo peke yako. Ukiharibu kitu, niambie siku hiyohiyo, wakati bado kuna cha kuokoa."