Beleshi la Enos

Kaka yangu Harlan alikuwa hasikii la mtu. Simsengenyi, namlilia. Ilikuwa Julai, jua la mchana linawaka, tunakarabati daraja letu la mbao hapa kijijini kwetu Vermont, Marekani, lile lenye kuta na paa kama ghala. Kazi ya kawaida tu: kung'oa mbao zilizooza, kupigilia mpya.

Katikati ya daraja, ukutani, lilining'inia beleshi la marehemu Enos. Zamani, kwa kuwa paa liliizuia theluji, yeye ndiye aliyekuwa akiizoa nje na kuitandaza sakafuni ili magari ya farasi yasiyo na magurudumu, yanayoteleza juu ya theluji, yapite. Siku moja alilewa, hakuitandaza. Gari lililobeba mama mwenye uchungu wa kujifungua likanasa kwenye mbao kavu, mama akafia humo humo. Enos akalitundika beleshi, kisha akajinyonga. Tangu hapo hakuna aliyeligusa.

"Harlan, liache hilo," nilimwambia.

"We mwoga tangu utotoni! Linanizibia ubao." Akalitoa kwenye msumari.

Nikatoka kuchukua misumari. Kugeuka, daraja tupu! Naona mpaka ng'ambo, mtu hakuna. Lakini nasikia beleshi likikwaruza mbao. Kwaruu. Kwaruu.

Mkewe Odette akafika na kikapu cha chakula. "Shemeji, mume wangu yuko wapi?"

Sauti ya Harlan ikanong'ona kutoka ndani, inatetemeka kwa baridi. "Odette. Sioni pa kutokea."

Odette akautazama msumari mtupu ukutani. "Litupe hilo beleshi, mume wangu! Njoo!"

"Nikiacha, mbao zinabaki kavu. Yule mama mjamzito yuko garini, analia. Peke yangu siwezi."

Odette akataka kuingia. Nikamshika kiunoni. Akaning'ata mkono, sikumwachia. Kwaruu ikanyamaza. Beleshi lilikuwa limerudi ukutani, mpini umeganda barafu.

Harlan hatukumwona tena. Daraja tuliliziba kwa mbao pande zote mbili. Lakini kila mchana Odette alikuja na kikapu chake, akakaa pale mlangoni kusikiliza kwaruu iliyoanza tena ndani.

"Anachoka, shemeji," aliniambia juzi. "Siku hizi anapumzika mara kwa mara."

"Nenda nyumbani, Odette. Tafadhali."

Jana nilikuta kikapu peke yake, mkate bado wa moto. Mbao zangu hazikung'oka hata msumari mmoja. Nikachungulia kwenye ufa. Sakafuni theluji imetandazwa vizuri, nyeupe, mpaka ng'ambo. Pale ukutani msumari hauna kitu. Na juu ya theluji kuna nyayo ndogo, za kuingia tu.