Nawara Binti Shalabiya Hajaruhusiwa

Programu ya kusimamia majaribio ilikuwa mpya kabisa. Nashwa aliipakua asubuhi ile ile ya Jumapili, akafungua akaunti ya siku kumi na nne za bure, akaandika jina la kampuni, na hakuingiza kitu kingine. Hata chai yake ya nanaa ilikuwa haijapoa. Lakini ukurasa ulipofunguka, pale palipotakiwa kusomeka "Majaribio: 0," palisomeka "Majaribio: 1."

Akabofya.

*Kumruhusu mgonjwa Nawara binti Shalabiya kutoka hospitalini. Mhusika: Nashwa. Hali: halijafanywa.*

"Bishoy," akaita bila kugeuka, "umeshaanza kuichezea hii kitu?"

"Kitu gani? Mimi nakula." Na alikuwa anakula kweli, mkate wenye bajia za taamiya mkononi, tahina ikimtiririka hadi kiwikoni.

"Umemwingiza Nawara humu."

"Haki ya Bikira, sijagusa. Labda umemwingiza mwenyewe ukasahau. Umri huo, mhandisi."

"Umri wa nyanya yako."

Nawara hakuwa mtu. Kampuni yao, ghorofa ya sita pale Madinat Nasr, Kairo, ilitengeneza programu za hospitali: mgonjwa aingie, apewe kitanda, apimwe, adungwe, aruhusiwe. Kazi ya Nashwa na Bishoy ilikuwa kuzijaribu kabla hospitali hazijazipokea, na huwezi kuijaribu hospitali bila mgonjwa. Miaka saba nyuma, mfanyakazi mmoja aliyekwisha kuhamia Dubai akabuni mgonjwa. Fomu ilidai na jina la mama, akaandika Shalabiya huku akicheka, maana ni jina la vikongwe. Tangu hapo Nawara akawa analazwa kila siku ya kazi. Alipewa kifafa, akapewa figo mbovu, akakatwa mguu usio wenyewe ili ionekane kama programu itapiga kelele. Aliuawa akafufuliwa kwa kubofya tu.

Majaribio yake yote, mia nne na kumi na mawili, yaliandikwa kwenye jedwali moja zito lililochukua dakika sita kufunguka. Watu wawili wakiandika pamoja, mmoja anafuta kazi ya mwenzake. Jedwali hilo lilikuwa limemtoa Nashwa mvi mbili akiwa na miaka thelathini na moja. Miaka minne alipiga kelele watafutiwe programu ya maana ya kusimamia majaribio, ijulikane lipi limefanywa, na nani, na limefaulu au limeanguka. Miaka minne Bwana Tharwat, meneja, alimjibu "inshallah," ile inshallah ya kukusindikiza mlangoni.

Sasa mteja mmoja mkubwa alikuwa ameomba kuona ushahidi wa majaribio, na ghafla Tharwat ndiye aliyekuwa na haraka.

"Alhamisi saa tisa alasiri," alisema. "Uwe umechagua programu moja, na nione ubao wote wa kijani, kila jaribio limefaulu. Ukishindwa nafunga kitengo chenu. Waandika programu watajijaribu wenyewe."

Watajijaribu wenyewe! Kama kumpa mwanafunzi mtihani, majibu, na kalamu nyekundu. Lakini Nashwa alirudi mezani kwake. Alikuwa na digrii ya uhandisi ya daraja la juu, na alikwisha kukaa nayo nyumbani miaka miwili mizima ikiwa imetundikwa ukutani, mama yake akiifuta vumbi kila Ijumaa. Alijua huko nje kukoje. Asingerudi huko kwa sababu ya jedwali.

Programu ile ya kwanza ilidai dola kwa kila kichwa kila mwezi, na muuzaji wake alipopigiwa simu alizungumza dakika arobaini bila kujibu swali hata moja. Nashwa akaitupa. Jumatatu akafungua ya pili. Ilipendeza kama kadi ya harusi, ila ukiandika Kiarabu inakigeuza kinyumenyume, herufi zinasimama mbalimbali kama watu waliogombana. Akapumua kwa hasira, akarudi ukurasa wa mwanzo. Majaribio: 1.

*Kumruhusu mgonjwa Nawara binti Shalabiya. Mhusika: Nashwa.* Na safari hii, kwenye kisanduku cha matokeo, kulikuwa na neno moja: *Nimengoja.*

"Bishoy, utani huu haunichekeshi."

Bishoy akaja, akasoma, akasoma tena. "Hebu jaribu ya tatu," akasema. "Tumia barua pepe yangu."

Jumanne wakafungua ya tatu kwa barua pepe ya Bishoy. Mhusika: Nashwa.

Na kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba hiyo ya tatu ilikuwa nzuri. Kiarabu ilikiandika sawasawa, bei ilisemeka, na jedwali lote ilimeza kwa dakika mbili bila kupoteza mstari. Ndiyo aliyoililia miaka minne. Akaamua kutomjali huyo Nawara. Akaanza kuweka kijani majaribio yaliyokwisha kufanywa, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho, la mia nne na kumi na mawili, la kumruhusu mgonjwa.

Hilo kwa kweli hawakuwahi kulifanya. Lilichukua saa nzima: kila wodi itie saini yake, maabara, famasia, muuguzi wa zamu. Na kwa kuwa lilikuwa la mwisho, daima liliangukia Alhamisi alasiri, wiki ya kazi inakwisha, kila mtu ameshavaa begi mgongoni. Basi walilipaka kijani wakaenda zao. Kila Alhamisi, miaka saba. Hata Nashwa, aliyejiona mkali wa kazi, alilipaka.

Akalipaka.

Likageuka jekundu. Na papo hapo kitu kikamchoma kwa ndani ya kiwiko, pale wauguzi wanapotafuta mshipa. Alipopandisha mkono wa blauzi akakuta tundu dogo, na damu imevilia pembeni yake. Akabofya tena, kwa ubishi. Jekundu. Tundu la pili. Kwenye kisanduku cha matokeo pakaandikwa: *Uongo.*

Jumatano kukavuma khamasini, ule upepo wa mchanga wa jangwani. Saa nane mchana anga likawa na rangi ya kutu, mchanga ukagonga vioo kama mtu anayemwaga mchele, kisha umeme ukakatika, na ofisi nzima ikashuka ngazi kwenda nyumbani isipokuwa wao wawili, waliobaki na mwanga wa kompyuta zao za betri na wasiwasi wa kesho.

"Unasikia?" Bishoy akanong'ona.

"Upepo."

"Upepo hauna magurudumu, Nashwa."

Yalikuwa magurudumu kweli, madogo, ya chuma, yale ya mti wa kutundikia dripu, yakija kwenye vigae vya korido polepole, yakisimama, yakija tena, kwa mwendo wa mtu anayejikokota na mguu mmoja, na pamoja nayo ikaja harufu ya iodini na ya shuka lililolaliwa siku nyingi bila kubadilishwa, ikapita chini ya mlango, ikapanda juu ya meza, ikakaa kwenye chai, na wakati huo huo, mbele ya macho yao, bila mkono wa mtu kwenye kibodi, kisanduku cha matokeo kikaanza kujiandika herufi kwa herufi, *nimechomoa sindano mwenyewe, nimetafuta viatu sikuvikuta, nimemwita muuguzi, nimemwita muuguzi, nimemwita Nashwa*, na magurudumu yakafika mlangoni, yakatulia.

Kitasa kikazunguka.

Alikuwa Mama Shauki, mpika chai wa ofisi, waliyedhani naye ameshaondoka, na sinia lake na mshumaa. Akavuta pumzi mara moja, akaweka sinia sakafuni.

"Nani mgonjwa humu?"

"Hakuna mtu," Nashwa akasema. "Mama, hukupishana na mtu hapo koridoni?"

"Nimepishana na baridi. Na baridi ya namna hiyo naijua." Mama Shauki alizaliwa kwa mganga wa zar, ngoma ya kupunga mashetani, kule mtaa wa Sayyida Zaynab, alikua akiwasha ubani wa mama yake na kushika matari. "Nielezeni. Polepole, na msinifiche."

Wakamweleza. Alipolisikia jina akawatazama kama waliotapika msikitini.

"Jina lake na jina la mama yake? Mliviandika vyote viwili?"

"Fomu ndiyo inavyotaka," Bishoy akasema.

"Fomu! Marehemu mama yangu akitaka kumwita jini wa chini ya ardhi, alilitaja jina na jina la mama mara saba. Saba tu, na mlango umefungwa, na kuku wa kuchinja yupo tayari. Nyie mmeita mara ngapi?"

Bishoy akahesabu kwa midomo. "Kila siku ya kazi. Miaka saba... Kama elfu moja na mia nane hivi."

"Ya lahwi!" Mama Shauki akajipiga shavu. "Elfu moja na mia nane mnaita, na jina halina mwenyewe. Basi amepatikana wa kulivaa. Amekuja, mkamlaza, mkamdunga, mkamuua, mkamfufua, na hata siku moja hamjamwambia, basi mama, nenda nyumbani."

"Nitamfuta," Nashwa akasema. "Namfuta sasa hivi, khalas."

"Kumfuta si ndiko kumuua? Mmeshamuua mara ngapi, akarudi? Huyu hatoki kwa kuuawa, binti yangu. Mgonjwa hutoka kwa kuruhusiwa. Lifanyeni hilo jaribio lenu, lote, bila kuruka hata hatua."

Alhamisi saa nane wakalianza. Umeme ulikuwa umerudi, ubani wa Mama Shauki ukifuka kwenye kopo la maziwa ya unga. Nashwa alizisoma hatua kwa sauti, na Bishoy akazitenda. Maabara imetia saini. Famasia imetia saini. Kila hatua iliyofaulu, magurudumu yalisogea, kwanza koridoni, halafu ndani ya chumba, halafu nyuma ya kiti cha Nashwa, na pumzi fupi zenye unyevu zikamgusa kisogoni, naye akaendelea kusoma, machozi yakimdondoka kwenye kibodi, hatua ya ishirini, ya ishirini na moja, mpaka ikabaki moja.

*Jina la ndugu anayempokea mgonjwa, na jina la mama yake.*

"Andika lolote," Bishoy akanong'ona. "Andika Fulani bin Fulana."

"Thubutu!" Mama Shauki akamshika mkono. "Uite mwingine? Hapo panatakiwa mtu aliye hai, wa kweli. Atakayeandikwa ndiye atakayekwenda naye."

Bishoy akatazama sakafu. "Mimi nina watoto mapacha wa miezi minne, Nashwa."

Nashwa akaweka vidole kwenye kibodi. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Mawazoni akamwona mama yake akifungua mlango jioni ile, akimpokea begi, halafu akichungulia nyuma ya bega lake.

Mlango ukapigwa teke. "Saa tisa!" Tharwat akaingia, simu sikioni. "Nini hii, ofisi au makaburini? Mbona kunanuka? Ubao uko wapi?"

"Limebaki moja, Bwana Tharwat."

"Moja! Siku tano mnashindana na moja! Linataka nini?"

"Jina la anayempokea mgonjwa."

"Andika langu, tumalize."

Nashwa alifuta ile herufi yake. "Linataka na la mama," akasema.

Watoto wa kiume wa Kairo hupigana ngumi shuleni kwa sababu ya mtu kutaja jina la mama. Lakini mteja alikuwa kwenye simu. "Ihsan," Tharwat akatema. "Ihsan! Na nikisikia mtu analirudia humu ndani nitamtoa kwa dirisha."

Mama Shauki alimtazama Nashwa. Hakumwambia andika, hakumwambia usiandike.

"Bwana Tharwat," Nashwa akasema, "naomba usome kwanza. Nakuomba kwa Mungu. Soma hiki unachokubali."

"Sina muda wa kusoma, mhandisi. Nimekuajiri usome wewe. Weka kijani."

Angeweza kusema zaidi. Maneno alikuwa nayo, yamejaa kinywani. Mawazoni akaiona digrii ukutani nyumbani, akamwona mama yake na kitambaa cha vumbi. Akaandika Tharwat. Akaandika Ihsan. Akabofya.

Mistari yote mia nne na kumi na miwili ikawa ya kijani. Nyuma ya kiti chake pumzi zikakoma, na baridi ikampita begani kama mtu anayeomba njia.

"Mnaona?" Tharwat akasema, akijipangusa kisogo. "Ilikuwa kazi gani? Nunua hiyo." Akatoka, na magurudumu yakatoka nyuma yake hadi kwenye lifti.

Ijumaa na Jumamosi Nashwa alilala bila ndoto. Yale matundu kiwikoni yakafunga. Jumapili asubuhi akakuta mezani barua ya mkataba wa kudumu, wake na wa Bishoy, imetiwa saini. Waliitazama, na hakuna aliyepiga kigelegele.

Saa nne Tharwat akaingia. Hakuwa na simu mkononi. Aliushika mlango ukiwa wazi, akangoja kidogo, kisha akauachia ujifunge taratibu. Mkono mmoja wa shati lake ulikuwa umekunjwa mpaka juu ya kiwiko. Akaja mpaka kwenye meza ya Nashwa, akainama karibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha siku tatu.

"Mhandisi Nashwa," akanong'ona, "samahani kukusumbua. Nyie mmekaa naye miaka mingi. Anakula nini?"

Nashwa alipitisha macho kwenye orodha nzima, jaribio kwa jaribio, kutoka la kwanza hadi la mwisho.

"Sijui, Bwana," akasema. "Hatukuwahi kumwandikia chakula."